Walimu Mashuhuri wa Juu ya Duka la Misumari

Bwana Koti hakuwa na jino bovu hata moja, lakini kila Jumanne alikaa kwa daktari wa meno kuanzia saa tatu asubuhi mpaka watu wa mapokezi waanze kumtilia shaka. Pale palikuwa na feni, magazeti na kiti chenye mto. Zaidi ya hayo palikuwa na watu wenye uwezo wao, wameshika mashavu, na mtu anayeumwa jino hana nguvu za kulinda siri. Ukikaa naye dakika kumi utajua anafanya kazi wapi na mkewe kamnunia kwa lipi.

Siku hiyo aliingia mama mmoja na wanawe wawili wa kike, mapacha. Mkabala nao alikuwa amekaa mwanamume mwembamba, gitaa kalipakata.

"Unafundisha?" Mama Mapacha akamuuliza.

"Nafundisha, mama. Gitaa, kinanda, na kuimba kidogo."

"Hebu tusikie."

Yule bwana akapiga. Jamani, alipiga! Mzee mmoja aliyekuwa akililalamikia gego lake tangu asubuhi alinyamaza, na nesi aliyetoka kuita mgonjwa akasahau anamwita nani. Mapacha wakaanza kutikisa vichwa.

"Vizuri sana," Mama Mapacha akasema. "Na umesomea wapi?"

"Kwa mjomba wangu. Uani, tumekalia ndoo."

"Ndoo?"

"Viti vilikuwa vya wageni, mama."

Mama Mapacha akawavuta wanawe taratibu, kama anawaondoa karibu na dimbwi. "Haya, tutakutafuta," akasema, na nyote mnajua maana ya tutakutafuta ikisemwa na mtu ambaye hajaomba namba ya simu.

Bwana Koti akakunja gazeti. Huyu mama, akawaza, hanunui muziki. Muziki kausikia, ni mzuri, na kauacha palepale kwenye kiti. Anachonunua ni alikotoka mwalimu. Na alikotoka mwalimu ni bidhaa ambayo haihitaji ghala, haiozi, na hutengenezwa kwa kalamu ya kukopa.

Alitoka bila hata kuaga feni.

Inafaa mjue kwamba Bwana Koti aliitwa hivyo kwa sababu ya koti lake moja la vifungo vya dhahabu, au vya rangi ya dhahabu, tusigombane. Alilivaa jua likiwaka na mvua ikinyesha. Alikuwa amekwisha kuuza shamba ambalo halikuwepo, tiketi za tamasha ambalo halikufanyika, na dawa ya kuotesha nywele ambayo, kwa kweli, ilifanya kazi kinyume. Pamoja na mafanikio yote hayo alilala stoo kwa dada yake, kati ya marobota ya vitambaa, kwa sababu mali ya ujanja huja mbio na huondoka mbio zaidi.

Dada yake alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na cherehani moja ya miguu, nzee, nyeusi, aliyoipaka mafuta kila Ijumaa. Alisikiliza mpango wa kufungua studio ya muziki huku akipinda suruali ya mtu.

"Mwenye Duka la misumari ana ukumbi juu," Bwana Koti akasema. "Kodi ya miezi sita nimlipe mwisho wa mwezi wa tatu, Jumamosi. Ila anataka dhamana."

"Anataka dhamana au wewe unataka cherehani yangu?"

"Dada, ni kufundisha watoto muziki. Kazi ya heshima. Mimi si mdogo wako?"

"Hilo aliamua mama, sikuulizwa." Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Sikiliza. Cherehani hii ndiyo iliyokusomesha mpaka ukaacha shule mwenyewe. Ndiyo inayonilisha. Ikibebwa na wapagazi kwa ajili yako, usinitafute mpaka nife. Na nikifa, usije mazishini."

"Mungu apishe mbali."

"Mungu yupi, wakati nakuona hapa?" akasema dada mtu, lakini akatia sahihi. Damu ni nzito kuliko maji, na wajanja wanaijua methali hiyo kuliko watu wema.

Hapo ikabaki kupata walimu. Bwana Koti aliwapata kwenye kona ya mtaa huohuo. Wa kwanza alikuwa Kinyozi, aliyejua nyimbo tatu za gitaa, alizowapigia wateja wakisubiri zamu. Wa pili alikuwa Mlinzi wa benki, mstaafu, aliyejua kutembea kwa hatua, kugeuka na kupiga saluti. Aliwakalisha wote wawili kwenye benchi ya kinyozi, akawaeleza fani.

"Wasifu mzuri una nguzo tatu," akasema. "Mji wa mbali, ili asiwepo wa kuufuata. Mwalimu mkubwa aliyekufundisha, marehemu, ili asiwepo wa kumuuliza. Na maradhi madogo, ili usiombwe kuonyesha."

"Mimi maradhi gani?" Mlinzi akauliza.

"Wewe goti. Uliumia ukicheza dansi kwenye jumba la maonyesho, ng'ambo."

"Goti langu zima kabisa."

"Kuanzia leo linakusumbua kukiwa na baridi."

"Lakini huku hakuna baridi."

"Ndiyo maana ulirudi nyumbani."

Mlinzi akatafakari, akaona kweli jambo limekaa sawa. Kinyozi yeye alipewa mkono. Ulikuwa umeteguka siku alipopiga gitaa mbele ya mfalme, akavumilia mpaka wimbo wa mwisho, na mfalme akatokwa na machozi.

"Mfalme yupi huyo?" Kinyozi akauliza.

"Ameshafariki."

"Maskini," akasema Kinyozi, na alisikitika kweli. Jioni alimweleza mteja habari za msiba huo na kumkata sikio kidogo.

Wasifu zilichapwa kwa herufi za kupinda, zikawekwa ndani ya fremu pamoja na picha, zikatundikwa kwenye ngazi za kupandia ukumbini. Kwa nini ngazini? Kwa sababu mtu anayepanda huku anahema habishani na anachosoma. Fremu ya kwanza kabisa, chini mlangoni, ilikuwa ya Bwana Koti mwenyewe: Mkurugenzi, mwanafunzi wa mwisho wa mabwana wanne wakubwa, wote marehemu. Ukiihesabu ngazi ile vizuri ilikuwa na maiti saba.

Wiki haikuisha, Mama Mapacha akapanda, mkononi tangazo la studio lililoachwa kwa daktari wa meno. Alisoma fremu ya Mlinzi mara mbili. Alipofika juu alikuta watoto wa majirani wamepangwa mistari miwili, Mlinzi anawaamrisha: "Moja, mbili! Kulia, geu-ka! Wewe wa nyuma, tumbo ndani!"

"Huu ni mtindo gani?" akanong'ona.

"Wa huko huko," Bwana Koti akamjibu, akielekeza kidole dirishani, upande wa kiwanda cha sabuni.

"Niliona tu. Una nidhamu." Mapacha wakaandikishwa siku hiyohiyo.

Baada yake alikuja Mkandarasi wa majengo, mtu mkubwa wa sauti kubwa, na mwanawe. Baada ya Mkandarasi wakaja wote ambao hawakutaka kupitwa na Mkandarasi. Kinyozi alifundisha nyimbo zake tatu kwa moyo wote, ingawa mazoea ni tabu: kila mtoto alimwinamisha kichwa mbele kwanza, na akimaliza somo alimpangusa shingo. Wazazi walieleweshwa kwamba hiyo ilikuwa njia ya kumfungua mtoto kipaji. Mkandarasi akaomba apanguswe na yeye.

Tatizo likawa kinanda. Kilikuwepo, kimekodiwa, na hakukuwa na wa kukigusa.

Ndipo, asubuhi moja, akapanda ngazi bibi mmoja mfupi, ana miwani ya kamba na kikapu mkononi. Alizisoma fremu zote bila haraka. Alipofika juu akaketi kwenye kinanda bila kuambiwa, akapiga wimbo wa kuhesabu wa watoto wadogo, moja mpaka kumi na kurudi.

"Umetokea wapi, bibi?" Bwana Koti akauliza.

"Nimestaafu, mwanangu. Nilifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja. Hiki nilijifunza kwa kukivizia, mwenyewe akienda kula."

"Hakuna tabu. Nitakuandikia mji. Unapenda wenye theluji au wenye mto?"

"Mji wa nini tena?"

"Wa kwenye fremu."

Bibi akacheka, akafuta miwani. "Usinitie majaribuni. Mimi uongo siuwezi. Nasahau. Leo nitasema mto, kesho nitasema theluji, utapata aibu bure. Andika darasa la kwanza."

Bwana Koti alimtazama kwa mapenzi kabisa. Katika miaka yake yote ya kazi alikuwa amekutana na manahodha wasiojua kuogelea, na madaktari waliotibu kwa kukisia, na wakwe wa mawaziri wasio na wake. Wote walidanganya kwenda juu. Hakuwahi kumwona hata mmoja anayedanganya kwenda chini. Anayesema ni mdogo, aliamini, ni mdogo kweli, maana nani ajinyime kitu cha bure? Akamwandikia darasa la kwanza, akamtundika karibu kabisa na mlango wa juu, mahali ambapo mzazi amekwisha kuamini na hasomi tena.

Umdhaniaye ndiye, kumbe siye. Lakini tusitangulize mkia.

Bi Kikapu, kama walivyomwita, akawa mkono wa kulia wa studio. Alifundisha nyimbo za kuhesabu. Aliandika majina ya watoto. Alijua nani ana kikohozi na nani baba yake kahama nyumba. Kwa mtu anayesahau, alikumbuka mengi. Na kwa kuwa hakuwa na wasifu, wazazi walimwona wa kumwamini na vitu vidogo kama funguo na pesa. Ada ilikuwa ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, tena taslimu, na yote iliingia kwenye kikapu chake, chini ya sufu nyekundu aliyokuwa akifumia kitu kisichoisha.

"Kwa nini tusipeleke benki?" Mlinzi aliuliza siku moja, kwa sababu za kindugu.

"Wasanii wakubwa hawaamini mabenki," Bwana Koti akamjibu. Ukweli ni kwamba benki ya pale mjini ilikuwa na majina yake matatu, na yote ilitaka kuzungumza nayo.

Mpango wake mnaujua, kwani nyie si wageni wa dunia hii. Kutakuwa na onyesho kubwa la wanafunzi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa tatu, saa tisa alasiri. Wazazi wote watakuwa juu wamekaa. Watoto wakianza kucheza, Mkurugenzi atatoka kidogo, atachukua kikapu ofisini na kushuka kwa ngazi za nyuma. Tiketi ya basi la saa kumi ilikuwa tayari kwenye mfuko wa koti. Saa kumi hiyohiyo Mwenye Duka angekuja kudai kodi yake ya miezi sita, na akiikosa angevuka barabara na wapagazi.

Na cherehani? Tusimsingizie, aliiwaza. Aliiwaza mara tatu, na kila alipoiwaza aliagiza chai. Nikifika nitamtumia hela anunue ya umeme, alijiambia. Alijiambia vizuri sana, kwa sauti ileile aliyowauzia watu shamba, na kwa mara ya kwanza aliijua ile sauti, akaacha chai yake haijaisha.

Alhamisi, dada yake alimkamata mlangoni. "Yule bibi yako wa kikapu kaja tena. Gauni lilelile, mara ya tatu. Juzi nimelipunguza, leo kataka niliongeze."

"Wazee, dada. Wavumilie."

"Mazungumzo yake matamu. Anauliza habari zako."

"Habari gani?"

"Ulikuwaje mdogo. Kwa nini uliacha shule. Unalala wapi."

"Ukamwambiaje?"

"Ukweli. Niufiche kwa faida ya nani?" Akaukata uzi kwa meno. "Nikamwonyesha na karatasi ya dhamana. Akaisoma mpaka mwisho. Akasema, pole mwanangu. Tangu mama afe sijaambiwa pole na mtu."

Bwana Koti akasema atachelewa kazini.

Jumamosi ikafika. Wazazi walikuja na manukato, na kamera, na ndugu ambao hawakualikwa. Bwana Koti alisimama mlango wa juu kuwapokea, na mara akaona mambo yamekuwa mengine. Mama Mapacha, ambaye siku zote alimpa ncha za vidole, alimpa mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa na maji.

"Mkurugenzi," akasema. "Nimesoma. Sina la kusema."

"Asante, mama," Bwana Koti akajibu. Kwani si alikuwa ameshasoma siku ya kwanza?

Mkandarasi akafuata, akamkumbatia mpaka vifungo vya koti vikalia. "Kaka, umeniweza. Miaka yote nimesema marehemu baba alikuwa mhandisi. Baba alikuwa anabeba zege! Nimemwambia mke wangu sasa hivi, palepale ngazini."

"Akasemaje?"

"Kasema alikuwa anajua." Akapenga kamasi kwenye leso ya hariri.

Bwana Koti hakuelewa kitu, lakini mjanja haulizi sababu ya kusifiwa. Akafungua onyesho kwa maneno mafupi, na alipotaja unyenyekevu wa sanaa ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi. Mlinzi akaingiza wanafunzi wake. "Kushoto, geu-ka!" Mkurugenzi akageuka kulia, akatoka.

Ofisini kimya. Kikapu kilikuwa chini ya meza, sufu nyekundu juu yake. Akakiinua, na uzito wake ulimfurahisha hadi miguuni. Akashuka ngazi za nyuma mpaka uani kwa Mwenye Duka, katikati ya mifuko ya saruji, akafunua sufu aone tu, kama mtu anavyofunua sufuria.

Kulikuwa na misumari. Misumari ya inchi nne, pakiti kwa pakiti, mpya, na risiti yake juu, maana bibi wa watu hakuwa mwizi wa misumari. Juu ya risiti kulikuwa na bahasha nene na kijikaratasi.

"Mwanangu," kiliandikwa kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, "darasa la kwanza sijafundisha hata siku moja. Kazi yangu ni hii yako, ila mimi sijidai. Wanaojidai watu huwatazama. Bahasha ni kodi ya ukumbi, kamili. Dada yako hajanikosea kitu."

Bwana Koti akaketi juu ya saruji. Kwanza alitukana. Halafu akacheka, kwa sababu kazi nzuri ni kazi nzuri hata ikifanyiwa wewe. Bibi alikuwa ametoka saa nane mchana, kikapu kingine kama hiki mkononi, akiwapungia mkono wazazi wa kwanza, na nani angemuuliza? Siku zote hutoka na kikapu. Kwenda kushtaki je? Aseme nini kituoni, kwamba kaibiwa alichokuwa njiani kukiiba?

Kisha akaitazama bahasha, na kicheko kikakauka. Basi lilikuwa halijaondoka. Bahasha ilitosha kabisa kuanzia maisha mji mwingine. Akaitia mfukoni, pamoja na tiketi.

Geti la uani, na hilo hakulijua, Jumamosi hufungwa mchana. Ikabidi apite dukani atokee mlango wa mbele, pale ngazi zinapoanzia. Na pale, mbele ya fremu ya kwanza, alisimama dada yake. Kando yake Mwenye Duka anatazama saa. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha dada, wapagazi wawili walikuwa wamekaa na kamba, wakiitazama cherehani kupitia dirishani kukadiria itapita mlango kwa upande gani.

Dada mtu hakugeuka. Alikuwa anasoma, akifuatisha kwa kidole.

"Nani kaandika hii?" akauliza.

Bwana Koti akatazama. Picha ilikuwa yake, koti lake, tabasamu lake. Wale mabwana wanne marehemu walikuwa wameondoka. Badala yao paliandikwa, kwa herufi zilezile za kupinda:

"Mkurugenzi. Hakusomea muziki popote, wala hajui hata noti moja. Alisomeshwa na dada yake kwa cherehani ya miguu, akaacha shule darasa la saba. Analala stoo ya dada huyo, kati ya vitambaa. Koti hili ndilo pekee alilo nalo. Ukumbi huu upo kwa sababu dada aliweka rehani cherehani yake."

Juu kabisa, mlango wa ukumbini, fremu ya Bi Kikapu haikuwepo. Ulibaki msumari.

"Wamesoma wote?" Bwana Koti akauliza.

"Wote. Mama mmoja kanikumbatia hapa, simjui. Kaniuliza kama mimi ndiye dada." Sasa akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na Bwana Koti, aliyewahi kutazamwa na mahakimu wawili bila kupepesa, alitazama chini. "Miaka yote hii naona umeandikwa vitu. Nahodha. Daktari wa nywele. Leo ndiyo mara ya kwanza naona umeandikwa wewe. Nikasema, basi mdogo wangu kabadilika."

"Saa kumi kasoro dakika mbili," Mwenye Duka akaiambia hewa.

Hakuna aliyemshika Bwana Koti. Barabara ilikuwa wazi, na honi ya basi ilisikika upande wa stendi. Aliona aibu. Si ile aibu ya kukamatwa, hiyo alikuwa ameizoea. Hii ilikuwa ngeni na ilimchoma masikio. Hata yule mwizi alimhurumia dada yangu, akawaza, na mimi nimezaliwa naye tumbo moja. Akaingiza mkono mfukoni. Vidole vikashika tiketi kwanza, kama kawaida yao, vikaiacha, vikatoa bahasha.

"Mlipe mwenyewe," akamwambia dada yake. "Mimi mikono yangu siiamini."

Dada akaipokea, akamkabidhi Mwenye Duka. Mwenye Duka akafungua, akaridhika, akawapigia mluzi wapagazi. Walikunja kamba yao na kuondoka wakinung'unika, maana walikuwa wamekwisha kukubaliana ipite kwa upande wa kushoto.

Bwana Koti alikuwa anaanza kujisikia mtu mwema, jambo linalolewesha ukiwa hujalizoea, mara viatu vya visigino vikashuka ngazi kwa kasi.

"Mkurugenzi, kumbe uko huku!" Mama Mapacha alikuwa anahema. "Mwalimu wa kinanda haonekani. Mapacha wamesimama jukwaani, watu wanasubiri. Njoo uwapigie wewe."

"Mama," Bwana Koti akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aote ndevu alimtazama mteja machoni akasema kweli tupu. "Mimi sijui hata noti moja. Si umesoma? Imeandikwa hapo."

Mama Mapacha akaweka mkono kifuani. "Unaona?" akamwambia dada mtu, machozi yanamlenga tena. "Hivyohivyo ndivyo wanavyosema wakubwa!"

"Mama, nakuapia."

"Usiape, baba. Sisi tumeshakuelewa. Tumekubaliana juu kule, wazazi wote: hatumtaki mwalimu mwingine. Tumelipa mwaka mzima, na mwaka mzima watoto watafundishwa kinanda na wewe mwenyewe, kila siku, asubuhi na jioni. Mkandarasi kajitolea kusimama mlangoni kuhakikisha husumbuliwi."

Kweli, pale juu Mkandarasi alikuwa ameujaza mlango wote, anapunga leso. Nyuma yake ukumbi ulikuwa unaimba kwa miguu: Mku-ru-gen-zi! Mku-ru-gen-zi! Mbali kidogo basi la saa kumi likapiga honi ya mwisho, likaondoka na kiti kimoja kitupu. Au labda si kitupu. Labda amekaa bibi mmoja mfupi, miwani ya kamba, anafuma.

Bwana Koti akatazama ngazi. Zilikuwa ngazi ishirini na mbili, na kwenye fremu za walimu kuna watu walioponea kuonyesha kwa sababu ya maradhi madogo. Akakanyaga ya kwanza. Akakanyaga ya pili. Kwenye ya tatu akasimama, akakunja uso, akalishika goti kwa mikono miwili.

"Aa! Dada, hili goti. Lilinianza tangu kule..."

Dada yake alikuwa nyuma yake, mikono kiunoni.

"Goti lako zima," akasema. "Panda."